Kutubu dhambi moja mpaka mwisho: mwongozo kamili kwa anayeungama kila mkutano na bado moyo haujatulia

Mimi ni mzee wa kanisa, na kila baada ya mkutano wa injili huwa nabaki kwenye benchi la nyuma kwa ajili ya wanaotaka kusema jambo faraghani. Wengi wanaokuja kukaa pembeni yangu si wageni. Ni walewale waliokwenda mbele mwaka jana na mwaka juzi. Walisali sala ya toba, walilia, waliwekewa mikono, na wiki mbili hazikupita mzigo ukarudi begani.

Nikiwauliza walitubu nini, karibu wote hujibu: "Dhambi zangu zote, mzee." Nikiwauliza walifanya nini baada ya hapo, naambiwa wamefunga, wametoa sadaka nono, wamejitolea kudeki kanisa kila Jumamosi. Nikiuliza yule waliyemkosea anasemaje, wanainama.

Shida iko hapo. Tunahangaika kumlipa Mungu, wakati deni letu kwake lilishalipwa msalabani, na jirani tuliyemdhulumu hatujamrudishia hata senti. Mwongozo huu unaliweka kila deni mahali pake. Utashughulika na dhambi moja tu, tangu kuitaja hadi kuimaliza. Ukishaipitia njia hii mara moja, zilizobaki utajua pa kuzipeleka.

## Vya kuandaa kabla hujaanza

Biblia. Mistari ninayonukuu ni ya Union Version, ile iliyozoeleka makanisani.

Daftari dogo na kalamu. Usiandike kwenye simu. Simu huazimwa, watoto huichezea, na ujumbe ukishaenda kwa mtu asiyehusika huwezi kuurudisha tena.

Jioni tatu, saa moja kila jioni. Usitake kumaliza yote katika mkesha mmoja. Usiku wa kuamkia Jumapili mtu huahidi mambo ambayo Jumatatu hana nguvu ya kuyafanya.

Mtu mmoja wa kukusikiliza. Awe padri, mchungaji au muumini mkomavu. Sifa kubwa ya kuangalia ni kwamba hujawahi kusikia siri ya mwingine ikitoka kinywani mwake.

Kumbukumbu zinazohusu jambo lenyewe. Daftari la kikundi, risiti, orodha ya miamala ya simu, hati ya shamba.

Nauli ya kwenda kwa uliyemkosea, kama anakaa mbali.

Huhitaji fedha ya "kufunguliwa". Huhitaji mafuta, chumvi, wala chupa ya maji ya upako. Simoni wa Samaria alipowaletea mitume fedha, Petro alimwambia fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Mtu akikutajia bei ya msamaha, ondoka hapo, hata kama ana kanisa kubwa na spika kubwa.

## Hatua ya 1: Itaje dhambi kwa jina lake

Chukua dhambi moja, ile inayokujia ukilala. Iandike kwa sentensi moja yenye mambo matatu: kitenzi cha kweli, mtu uliyemuumiza, na kiasi.

Kiswahili chetu kina nguo nyingi za kuivika dhambi. Rushwa tunaiita chai, kitu kidogo, asante. Uzinzi tunauita mchepuko. Aliyeiba anasema alikopa kidogo, na aliyepiga anasema alipitiwa na shetani. Maneno haya hulainisha mazungumzo, lakini ukiyatumia kuungama, unamwombea msamaha mtu ambaye si wewe.

Tuchukue mweka hazina wa kikoba. Sentensi yake ya kwanza huwa: "Nisamehe, Bwana, kwa kutokuwa mwaminifu katika fedha." Iliyonyooka ni hii: "Niliiba shilingi 180,000 kutoka mfuko wa kikundi, nikabadilisha hesabu kwenye daftari, na mama mmoja alipouliza nikamwita mchochezi mbele ya wenzake." Umeona? Dhambi moja imekuwa tatu, na ya tatu, ile ya kumchafua yule mama, ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi.

Kumbuka pia yale ambayo hukufanya na ulipaswa kuyafanya. Wakatoliki katika Misa huungama kwamba wamekosa "kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu". Baba asiyetoa matunzo ya mtoto hawezi kuonyesha kitu alichoiba, lakini mtoto analala na njaa.

Kabla hujaendelea, weka wafalme wawili mbele yako. Sauli alipokamatwa alisema amefanya dhambi, na papo hapo akaongeza kwamba aliwaogopa watu, kisha akamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee (1 Samweli 15). Daudi alipoonyeshwa kidole na Nathani alisema, "Nimemfanyia Bwana dhambi," akanyamaza. Jibu lilikuja katika mstari uleule: "Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa" (2 Samweli 12:13).

*Tahadhari:* Usigeuze jioni hii kuwa msako wa kila kosa tangu utotoni. Kuna watu wenye dhamiri laini mno, ambao kila wakimaliza kuungama hukumbuka lingine na kuanza upya. Kama ndivyo ulivyo, acha mtu wako wa kukusikiliza akuchagulie dhambi ya kushughulikia.

*Utajua umefika:* sentensi yako haina neno "kama", haina "lakini", na ukiisoma kwa sauti unajikuta umepunguza sauti.

## Hatua ya 2: Tenganisha madeni mawili

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu.

Fungua ukurasa mpya, piga mstari katikati kutoka juu hadi chini. Kushoto andika *Kwa Mungu*. Kulia andika *Kwa mtu*, kisha jina lake. Kila dhambi dhidi ya jirani ina sehemu pande zote mbili, na kila upande una njia yake ya kulipwa.

Upande wa kushoto. Katika Walawi 16, siku ya upatanisho, Haruni aliletewa mbuzi wawili. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikaingizwa ndani ya pazia mpaka kwenye kiti cha rehema. Wa pili alibaki hai. Kuhani alimwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama juu yake uovu wote wa wana wa Israeli, kisha akapelekwa jangwani na mtu aliyewekwa tayari kwa kazi hiyo. Wale mbuzi wawili wanafundisha jambo moja lenye sura mbili: dhambi inagharimu uhai, na dhambi iliyopatanishwa huondoshwa mbali, isikae tena kambini.

Lakini mwaka uliofuata walirudia. Mwandishi wa Waebrania anakazia hilo. Kuhani *husimama* kila siku akitoa dhabihu zilezile ambazo haziwezi kabisa kuondoa dhambi, lakini Kristo, alipokwisha kutoa dhabihu moja, *aliketi* mkono wa kuume wa Mungu (Waebrania 10:11-12). Ukisoma orodha ya vyombo vya ile hema utakuta meza, kinara, madhabahu na birika. Kiti cha kuhani kupumzikia hakimo, kwa sababu kazi yake haikuwa na mwisho. Aliyeketi amemaliza.

Makanisa yetu yanaueleza msalaba kwa picha mbalimbali. Wengine hukazia fidia, kama Yesu mwenyewe alivyosema katika Marko 10:45. Wengine husema alisimama mahali petu, kama Isaya 53:6: "Na Bwana ameweka juu yake maovu yetu sisi sote." Wengine husisitiza ushindi juu ya shetani. Kwa kazi iliyo mbele yako huna haja ya kuamua mashindano hayo, maana Biblia inazitumia zote. Jihadhari na picha moja tu, ile ya Baba mkali anayetulizwa na Mwana mpole. Paulo anaandika kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Wakorintho 5:19). Baba ndiye aliyeanza.

Kwa hiyo upande wa kushoto, chini ya maneno *Kwa Mungu*, andika dhambi yako, na mbele yake andika: *Imekwisha* (Yohana 19:30). Usiache nafasi ya kuandika kiasi chako. Kufunga kwako, sadaka yako na kudeki kwako ni mambo mema, ila hayaingii kwenye safu hii.

Upande wa kulia. Sasa soma Walawi 6:1-7 polepole. Mtu amemdanganya mwenziwe juu ya amana, au amenyang'anya, au ameokota kitu kilichopotea akakana. Torati inamwambia akirudishe kamili, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe, na ndipo amlete kondoo dume kwa kuhani. Kondoo yule hakuwahi kuhesabiwa kuwa malipo ya ng'ombe wa jirani. Ng'ombe alirudishwa kama ng'ombe.

Yesu hakulegeza. Ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo, uende kwanza ukapatane naye (Mathayo 5:23-24).

*Tahadhari:* Kulipa upande wa kulia hakukununulii upande wa kushoto. Vilevile kushoto kulipolipwa hakufuti kulia. Anayesema "Mungu ameshanisamehe, kwa hiyo hunidai" amelitumia jina la Mungu kukwepa deni.

*Utajua umefika:* unaweza kumweleza mtoto wa darasa la tano kwa nini safu ni mbili.

## Hatua ya 3: Ungama mbele za Mungu

Jioni ya pili. Funga mlango. Soma Zaburi ya 51 yote kwa sauti, halafu sema ile sentensi yako kama ulivyoiandika. Usiipambe.

Kama maneno yanakwama, tumia haya:

"Ee Mungu, niliiba fedha za wenzangu, nikadanganya, nikamvunjia heshima mwanamke asiye na kosa. Sina la kujitetea. Ninaiacha dhambi hii, na nitarudisha nilichochukua. Naja kwako kwa ajili ya Yesu, aliyekufa kwa ajili ya dhambi hii. Uniwie radhi mimi mwenye dhambi. Amina."

Angalia maneno "nitarudisha nilichochukua". Uamuzi wa kurudisha ni sehemu ya toba yenyewe. Mithali 28:13 inaahidi rehema kwa "yeye aziungamaye na kuziacha", na anayezuia mali ya mtu bado hajaacha, hata kama wizi ulifanyika miaka kumi iliyopita.

*Tahadhari:* Usiweke masharti. "Ukinisamehe nitajenga ukuta wa kanisa" ni biashara, na utarudi kwenye mahesabu uliyoyafuta katika hatua ya 2. Machozi nayo usiyafanye kipimo. Kuna anayelia kwa aibu ya kujulikana tu, na kuna anayetubu kwa macho makavu.

## Hatua ya 4: Pokea msamaha, usiendelee kuomba

Ukishaungama, nyamaza. Fungua 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote."

Soma tena maneno *wa haki*. Ningetegemea Yohana aandike "mwenye huruma". Huruma ipo, lakini hapa ameshika neno la mahakamani, na sura inayofuata anaeleza sababu: tunaye Mwombezi, Yesu Kristo mwenye haki, "naye ndiye kipatanisho kwa dhambi zetu". Deni lililokwisha kulipwa halidaiwi mara ya pili na hakimu wa haki. Msamaha wako umeegemea hapo, na ndiyo maana hautikiswi na namna ulivyoamka leo.

Andika tarehe kwenye safu ya kushoto. Dhambi hii ikikurudia akilini wiki ijayo, hutaungama upya. Utaitazama tarehe hiyo, ushukuru.

Kama kanisa lako lina njia ya kusikia msamaha kwa sauti ya mtu, itumie. Mkatoliki aende kwenye kitubio, aungame kwa padri, apokee maondoleo na kutimiza malipizi aliyopewa. Padri amefungwa kabisa na siri ya maungamo. Mlutheri au Mwanglikana anaweza kumwomba mchungaji maungamo ya faragha. Watu wengi hudhani Luther aliyafuta; aliyahimiza. Mpentekoste atafute yule mtu mmoja, kwa mujibu wa Yakobo 5:16. Sababu ni nyepesi: sauti yako mwenyewe usiku huiamini kwa shida, lakini mwenzako akikutazama usoni akasema "Umesamehewa kwa jina la Yesu Kristo," sikio linashika.

Hatua hii isirukwe hata na mtu mwenye haraka ya kwenda kulipa. Yuda Iskariote alikiri kwa kinywa chake kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Alirudisha vipande vyote 30 vya fedha. Upande wa kulia alijitahidi kuliko wengi wetu. Lakini alikwenda kwa makuhani waliomjibu kwamba hayo ayaangalie mwenyewe, akatoka akajinyonga (Mathayo 27:3-5). Petro alimkana Bwana mara tatu, na yeye akabaki mpaka Bwana alipomfikia ufukweni.

*Tahadhari:* Kama hatia yako imeambatana na kukosa usingizi kwa majuma, kushindwa kula, au mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo na uende hospitali. Huo unaweza kuwa ugonjwa unaotibika, na kwenda kwa daktari si upungufu wa imani.

*Utajua umefika:* pengine hutasikia lolote moyoni. Kipimo ni kwamba unaweza kuitazama safu ya kulia bila kutamani kufunga daftari.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya safu ya kulia

Jioni ya tatu ni ya kalamu na kumbukumbu.

Mweka hazina wetu alichukua shilingi 180,000. Sehemu ya tano yake ni 36,000. Jumla 216,000. Mshahara wake haumruhusu kutoa zote mara moja, kwa hiyo anapanga 36,000 kila mwezi kwa miezi sita, anaandika, anasaini. Ile sehemu ya tano si sheria ya kanisa kwa Mkristo wa leo, ila inabeba hekima: fedha iliyokaa kwako ilimkosesha mwenyewe ada, mbolea au dawa. Zakayo alijipangia mara nne.

Kuna madeni yasiyo ya fedha, na haya ndiyo magumu.

Ulimchafua mtu jina? Andika majina ya waliokusikia. Hao ndio utakaowarudia. Kuomba radhi chumbani kwa neno ulilolitangaza kilabuni hakujarudisha kitu.

Ulipokea rushwa? Irudi kwa aliyekupa, ikiwa alinyang'anywa haki yake mpaka atoe. Ukiwa ulinyima mwingine haki yake ili mtoaji apite, huyo wa pili ndiye mdai wako mkubwa.

Uliyemkosea amefariki? Hesabu 5:8 inaelekeza: deni liende kwa jamaa, na asipokuwepo jamaa liende kwa Bwana, yaani kwa kuhani. Tafuta watoto wake kwanza. Usikimbilie kapu la sadaka kwa sababu ni karibu zaidi.

*Utajua umefika:* una kiasi, tarehe na majina. Mtu mwingine akiliokota daftari angeweza kulipa kwa niaba yako.

## Hatua ya 6: Nenda

Hapa naomba nieleze la kwangu.

Kwetu Kilimanjaro mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, hupandwa masale, mimea ya majani marefu. Jirani yangu alipofariki, mke wake alikwenda kukaa kwa binti yake zaidi ya mwaka. Katika muda huo niling'oa masale nikayapanda hatua mbili ndani ya kihamba chake. Hatua mbili tu, lakini kwa urefu wa shamba ziliingiza kwangu migomba saba na mibuni mitatu. Aliporudi alisimama pale mpakani, akatazama, hakusema neno. Kumbukumbu la Torati 27:17 lasema, "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake." Nimewahi kuusoma mstari huo kanisani nikiwa zamu, kwa sauti kubwa, na watu wakaitikia Amina.

Nilitubu mikutano mitatu. Nilitoa mkungu wa ndizi kwenye sadaka ya mavuno, na mkungu wenyewe ulitoka kwenye ile migomba.

Siku niliyokwenda ilikuwa alfajiri. Nilikata jani la isale, nikalifunga fundo kama wazee wanavyofanya mtu akienda kuomba radhi, nikalishika kwa mikono miwili. Jani halioshi dhambi, na sikulipeleka kwa Mungu. Nililipeleka kwake, kwa sababu ni lugha anayoifahamu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia mara moja. Nikasema: "Nimehamisha mpaka wako hatua mbili. Nimekula ndizi zako na kahawa yako miaka minne. Mpaka nitaurudisha leo mbele ya balozi wa nyumba kumi, na mazao nimeyapigia hesabu haya hapa. Naomba unisamehe." Alilitazama jani muda mrefu sana, mpaka mikono yangu ikaanza kutetemeka. Kisha akalipokea, akaniambia, "Marahaba. Nilikuwa nakungoja, mwanangu."

Nawe tumia sentensi nne kama hizo: nilichofanya, kilichokugharimu, ninachorudisha, naomba msamaha. Kisha nyamaza umsikilize, hata akikasirika.

Maneno ya kuepuka: "kama nilikukosea", "yaliyopita si ndwele", "lakini na wewe". Usimwambie "Biblia inasema lazima unisamehe". Mstari huo ni wake kuusoma.

Usitume ujumbe wa simu ikiwa miguu inafika. Asipokusamehe, lipa vilevile. Msamaha wake ni wake. Deni ni lako.

Tahadhari za hatua hii, usiziruke:

Ukubwa wa maungamo ulingane na ukubwa wa kosa. Kosa la watu wawili liishie kwa hao wawili na msikilizaji wako. Nimeona ndoa za watu wengine zikivunjika kwa sababu mtu alishika kipaza sauti akataja aliyezini naye.

Aliyezini asikimbilie kumwambia mwenzi wake akiwa peke yake na usiku. Apange kwanza na mchungaji au padri namna na wakati. Lakini jambo moja halingoji: nenda upime afya, na mwenzi wako asiachwe kwenye hatari asiyoijua.

Kama uliyemkosea alikuwa mtoto, au ulimbaka mtu, au ulimpiga, usiende kwake. Kumwona tena ni kumuumiza tena. Nenda na kiongozi wako kwa vyombo vya sheria. Na wewe kiongozi unayeungamiwa hayo nje ya kitubio, huna ruhusa ya kuyamaliza kifamilia kwa mbuzi na soda. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na namba 116 kwa ajili ya watoto, ambayo hata Kenya inatumika.

Kwa wizi mkubwa wa kazini, zungumza na mwanasheria kabla, ujue yatakayofuata. Halafu nenda.

## Hatua ya 7: Angalia wanaodaiwa na wewe

Ukurasa mwingine, mfupi. Andika jina la mtu mmoja unayemshikilia kwa kosa alilokutendea.

Katika Mathayo 18 mtumwa mmoja alisamehewa talanta elfu kumi, akatoka akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Kwa hiyo alisamehewa kama siku milioni 60 za kazi, akakataa kusamehe siku mia. Zile mia si ndogo. Ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema aliyekuumiza hajakuumiza. Anakuonyesha deni lako uliloandikia *Imekwisha*, kisha anakuuliza juu ya hilo lingine.

Kusamehe ni kuacha kulipiza na kumkabidhi Mungu kesi. Si lazima urudi kuishi na anayekupiga, wala huzuiwi kutoa ushahidi mahakamani. Dada unayesoma hapa ukiwa na alama mwilini, ondoka kwanza uwe salama. Kusamehe kutakukuta huko uliko.

## Hatua ya 8: Ukianguka tena

Rudi hatua ya 1, siku hiyohiyo, usingoje mkutano. Yohana anaandika ili tusitende dhambi, na papo hapo anasema mtu akitenda, tunaye Mwombezi.

Kisha ziba njia. Mweka hazina aombe kikundi kiweke watia saini wawili, au aiache nafasi hiyo kabisa. Mwenye mchepuko afute namba na abadilishe njia ya kwenda kazini.

## Ukurasa ule uufanye nini

Siku uliyoandika tarehe kwenye safu ya kushoto, kata karatasi kwenye ule mstari wa katikati. Kipande cha kushoto kiweke ndani ya Biblia, kwenye 1 Yohana, ukikumbuke ukijaribiwa kuungama upya lile lililokwisha.

Cha kulia usikichome wala usikipoteze. Kila ukilipa, mpe mwenyewe aandike kiasi, tarehe, na jina lake kwa mkono wake. Changu kina mistari minne, yote kwa mwandiko wa yule mama, mzito na wenye kulalia kushoto. Kwenye wa mwisho aliongeza neno ambalo sikumwomba: *tumemalizana*.